Mifuko Arobaini na Mmoja

Mafuta ya kupikia hayana adabu. Yakishaingia kwenye kitambaa cha sare, uloweke, usugue, uape, yatakaa palepale yanakutazama. Fundi alilijua hilo kuliko mtu yeyote mtaani, maana kwa miaka kumi na mmoja sare zote za shule ya msingi iliyo jirani zilipita chini ya sindano ya cherehani yake. Kwa hiyo Jumatatu ile jioni, alipokuwa akichambua nguo za kufua na kukuta mfuko wa gauni la bintiye umelowa mpaka ndani, hakuhangaika kujiuliza ni kitu gani. Mafuta. Alichotaka kujua ni mafuta ya nini.

Akaupindua mfuko. Zikadondoka punje za wali zilizoshikana, na maharage mawili makavu.

"Wee Kidoti! Hebu njoo hapa."

Kidoti alikuwa na miaka saba na alama nyeusi chini ya jicho, ndiyo iliyompa jina. Alikuja akiburuta miguu, akaona mfuko uko nje nje, akaanza kuangalia dari.

"Hiki ni nini?"

"Wali."

"Naona ni wali, sijasema ni mchanga. Mfukoni unafanya nini?"

"Kengele ililia sijamaliza, mama. Ukikutwa na sahani baada ya kengele unapigishwa magoti. Kwa hiyo natia mfukoni."

"Halafu?"

"Halafu naomba ruhusa ya kwenda chooni, nakula huko."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda dukani. Fundi akaanza kukumbuka. Wiki mbili zilizopita alimwona mtoto anakonda, akampa dawa ya minyoo. Mara mbili! Minyoo ya watu, maskini, haikuwa na kosa lolote. Na kabla ya hapo alimgombeza kwamba anachagua chakula.

"Mwanangu, tangu lini?"

"Tangu shule ifunguliwe. Zamani tulikuwa tunakula mpaka tunacheza. Siku hizi ni dakika ishirini tu."

Kesho yake Fundi alifunga sare tatu zilizokuwa tayari, akazipeleka shuleni mwenyewe, na akahakikisha anafika saa sita na nusu kamili. Alisimama kando ya jiko la shule na mzigo wake mkononi, mtu asingemdhania kitu. Alikuja kuangalia, na aliangalia kwa macho ya fundi, yale yanayoona mshono uliokwenda kombo kutoka ng'ambo ya barabara.

Kengele ikalia. Shule nzima ilikuwa na bomba moja la kunawia na wapishi wawili kwenye masufuria mawili. Darasa la saba walitangulia kwa sababu wana mtihani, wakafuata la sita kwa sababu nao watakuwa na mtihani, kisha la tano kwa sababu ni wakubwa na wana viwiko. Darasa la pili, la Kidoti, lilipofikiwa zilikuwa zimebaki dakika sita. Na wali ulikuwa unatoka sufuriani ukifuka moshi. Watoto walikuwa wanapuliza, wanajiunguza, wanapuliza tena. Kengele ya pili ilipolia, Fundi aliwaona kwa macho yake: mkono mmoja unarudisha sahani, mwingine unaingia mfukoni. Walikuwa wengi. Wengine walifanya kwa ustadi hata ungesema wamefundishwa.

Akaenda moja kwa moja ofisini.

Mwalimu Mkuu alikuwa mwembamba, nadhifu, suti yake ya kijivu aliishona Fundi mwenyewe. Watoto walimwita Mzee wa Kengele, kwa siri bila shaka.

"Aa, fundi wetu! Karibu, karibu. Sare zimefika?"

"Zimefika. Mwalimu, nimekuja kuhusu chakula cha watoto. Dakika ishirini hazitoshi. Wadogo wanakula chooni."

Mwalimu Mkuu hakushtuka. Alifungua kabati, akatoa faili, akalamba kidole na kupekua. "Mabadiliko ya ratiba yalipitishwa na kikao cha wazazi, muhula uliopita. Tulipunguza chakula ili tupate kipindi cha marudio. Wote waliokuwepo waliafiki." Akageuza faili limwelekee Fundi. "Na wewe ulikuwepo. Namba kumi na saba. Sahihi yako si hii?"

Ilikuwa yake. Ile herufi ya mwisho yenye mkia mrefu, huwezi kuikosea. Fundi aliitazama karatasi ile mpaka ikamcheza machoni, na taratibu akakumbuka. Alifika kikaoni akihema, mlangoni kulikuwa na meza, juu yake karatasi na kalamu iliyofungwa kwa uzi, naye akasaini kama kila mtu, kwa sababu mlangoni watu husaini. Kisha akakaa nyuma akishikiza vifungo vya mashati ya mteja. Walizungumzia paa, wakazungumzia vyoo. Mwishoni mtu alitaja marekebisho madogo ya ratiba, joto lilikuwa kali, watu wakapiga makofi waende zao. Na karatasi ya mlangoni ikabanwa kwa pini nyuma ya maamuzi. Ndivyo shule ile ilivyofanya miaka nenda miaka rudi: ukisaini kuingia, umekubali yote yatakayoandikwa ndani, hata yale yatakayoandikwa wewe ukiwa umeshalala kwako.

"Hii ni karatasi ya mahudhurio, Mwalimu."

"Ulihudhuria, na hukupinga." Akafunga faili. "Mwisho wa mwezi kuna kikao cha kuthibitisha ratiba ya mwaka mzima. Njoo useme huko, ni haki yako. Ila fundi, mimi nakuheshimu sana. Sare za darasa la kwanza la mwakani bado hatujaamua nani atashona. Sipendi watu waanze kusema fundi wetu ni mtu wa vurugu."

Alisema hayo huku anatabasamu. Fundi alitoka mle ndani damu inamchemka, lakini ukweli usemwe, alianza pia kupiga hesabu. Sare za darasa la kwanza zilikuwa nusu ya kazi yake ya mwaka. Bila zile, kile chumba cha mbele chenye cherehani na meza ya kukatia asingeweza kukilipia kodi. Njia nzima alijisema. Kumi na saba! Na mkia juu!

Alifika, akakanyaga cherehani kwa hasira mpaka uzi ukakatika mara tatu. Hapo ndipo mama mmoja alipoleta kaptula iliyochanika makalio. Fundi akaingiza kidole mfukoni kutafuta alama, kama ilivyo kawaida yake, na kidole kikatoka kinateleza.

Hiyo alama ilikuwa mambo yake mwenyewe. Sare zote zinafanana, watoto wanavua masweta na kubadilishana bila kujua, na kina mama waliwahi kukaribia kushikana mashati kwa ajili ya sketi moja. Kwa hiyo kila mtoto Fundi alimwekea alama ndani ya mfuko: mishono michache ya uzi wa rangi, na rangi ile ikaandikwa kwenye daftari lake. Kidoti alikuwa na fundo moja jeusi. Mwingine mishono mitatu myekundu. Mzazi alijua rangi ya mwanawe kama anavyojua sauti yake.

Alirudisha kidole mfukoni, akanusa. Mafuta. "Mama, mwanao huyu anachafua nguo sana?"

"Usinikumbushe! Nimemchapa mpaka nimechoka."

Siku hiyohiyo Fundi alichukua kipande cha boksi, akaandika kwa chaki: MFUKO MPYA WA SARE, BURE. Akakitundika mlangoni.

Wa kwanza kuuliza alikuwa Mama Pacha, jirani yake muuza mboga, mwanamke ambaye akinong'ona wanasikia mtaa wa pili.

"Bure? Wewe? Umeanza kuumwa lini?"

"Leta sare za pacha wako nikuonyeshe ugonjwa wenyewe."

Akazileta. Fundi alifumua mifuko yote miwili kwa wembe, akaiweka wazi juu ya meza. Ndani ya mmoja kulikuwa na maharage yaliyopondeka, yamegandia kwenye mshono. Akamweleza habari ya bomba, ya foleni, ya choo, na ya kikao cha mwisho wa mwezi. Mama Pacha, ambaye hakuna aliyewahi kumwona ananyamaza, alinyamaza. Kisha akakaa chini kwenye kigoda.

"Nimewachapa," alisema. "Nimewachapa wote wawili, Fundi. Nikawaambia mnanidhalilisha kwa uchafu. Kwa nini hawakuniambia?"

"Wangu naye hakuniambia. Wamezoea, wanadhani ndivyo shule ilivyo."

Mama Pacha akafuta macho kwa pindo la khanga, akasimama, na sauti yake ikarudi yote. "Basi hicho kikao hatuendi! Wakae peke yao na viti vyao!"

"Tusipokwenda watasema wazazi hawajali, na ratiba itapita. Tunakwenda, tena wote. Ila ile kalamu ya mlangoni hatuigusi."

"Maana yake?"

"Ofisi ya elimu haipokei ratiba isiyo na sahihi zetu. Wanatuhitaji pale mlangoni tu, shoga yangu. Basi wakitutaka, watukute palepale mlangoni."

Wiki tatu mifuko ilimiminika. Fundi alifumua, akashona mipya, na ya zamani akaitunza bila kuifua. Kila mzazi alielezwa, na kila mmoja alitoka pale akitembea haraka kuliko alivyokuja. Lakini usidhani Fundi hakuogopa. Aliogopa! Siku mbili kabla ya kikao alikaribia kushusha kile kipande cha boksi. Alijiambia, mtoto mmoja naweza kumfungia mkate, nikamfundisha ale asubuhi ashibe, mambo yakaisha, kazi yangu ikabaki. Alikuwa ameshanyoosha mkono kukishusha.

Akasikia sauti uani. Kidoti alikuwa anacheza shule na mtoto wa mpangaji, kamtu ka miaka minne. Alimkalisha chini na kumpa kifuniko chenye majani yaliyokatwakatwa.

"Haya, meza! Usitafune, ukitafuna unachelewa. Meza, meza, meza. Kengeleee! Tia mfukoni!"

Yule mdogo akatia majani mfukoni, akacheka. Fundi akashusha mkono wake. Boksi likabaki mlangoni.

Kikao kilifanyika Jumamosi asubuhi katika darasa la nne. Wazazi walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa videvu. Mlangoni ilikuwepo meza, karatasi, na kalamu kwenye uzi wake. Walipita mmoja mmoja, wakamsalimia mwalimu wa zamu kwa heshima zote, wakaulizana habari za nyumbani, na wakaingia. Darasa likajaa. Wengine walisimama ukutani. Karatasi ilikuwa nyeupe.

Mwalimu Mkuu aliitazama, akaigeuza, akatazama upande wa pili. "Kalamu haiandiki?"

"Kalamu nzima," akajibu Mama Pacha kutoka nyuma. "Mikono ndiyo mibovu."

Watu wakacheka. Mwenyekiti wa kamati akagonga meza. Alikuwa mzee aliyestaafu ukarani wa mahakama, mtu wa mihuri na tarehe, ukimpa barua bila tarehe anakurudishia bila kuisoma. "Utaratibu ni utaratibu," alisema. "Kikao bila sahihi si kikao."

Fundi akasimama. Alipiga moyo konde. "Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Sema."

"Maneno yako ndiyo maneno yetu. Bila sahihi hakuna kikao. Mara iliyopita tulisaini karatasi tupu, ikaenda kubandikwa kwenye jambo ambalo hatukulijadili. Mimi mwenyewe ni namba kumi na saba, nimejionea. Leo hatusaini karatasi tupu. Kwanza iandikwe juu tunakubali nini, ndipo tusaini. Na la kwanza ni chakula cha watoto."

"Chakula hakimo katika ajenda," Mwalimu Mkuu alisema.

"Kimo mifukoni." Fundi akafungua furushi lake. Lilikuwa shuka kuukuu, na juu yake alikuwa ameshonea mifuko arobaini na mmoja kwa safu, imepinduliwa ndani nje. Mama Pacha akashika ncha moja, mwingine akashika ya pili, wakalitandaza mbele ya ubao. Madoa yalionekana mpaka dawati la mwisho. Mingine ilikuwa bado na punje za wali.

Fundi akaeleza, bila kutia chumvi: dakika ishirini, bomba moja, dakika sita za darasa la pili, choo.

"Matambara haya yanaweza kuwa yametoka popote," Mwalimu Mkuu alisema, ila sauti ilikuwa imepungua.

"Yametoka popote?" Fundi akauliza, akaweka kidole kwenye mfuko mmoja. "Mishono miwili ya kijani!"

"Wangu!" Mama Pacha akapaza sauti. "Na ile ya kijani yenye fundo, wangu pia!"

"Mitatu myekundu."

"Wangu."

"Manjano na nyeupe."

"Wangu huyo. Nilimchapa Jumatano." Baba mmoja, fundi baiskeli, alisema hivyo akaficha uso.

Wakaanza kuinuka bila hata kuitwa, kila mmoja anatafuta rangi yake, anaweka kidole. Mwalimu Mkuu naye akasimama, na safari hii alisema la moyoni. "Mwaka jana matokeo yetu yalikuwa ya mwisho! Mlinizomea hapahapa, katika chumba hiki! Muda wa marudio nitautoa wapi? Niutoe mbinguni?"

"Tulikuzomea, kweli," Fundi akajibu. "Na tulikosea kukuachia mzigo peke yako. Utafute muda, tutafute wote, tuko tayari kuja mapema. Lakini usiutoe tumboni mwa mtoto wa miaka saba. Hiyo nafasi ya kwanza inayopatikana chooni, sisi hatuitaki."

Wakati wote huo Mwenyekiti alikuwa ametoka mezani. Alivaa miwani, akainama mbele ya shuka, akapita safu ya kwanza, ya pili, na kwenye ya tatu akasimama. Mfuko ule ulikuwa na msalaba mdogo wa uzi wa buluu.

"Huyu ni mjukuu wangu," alisema.

Akaugusa ule msalaba kwa kidole.

"Mwezi mzima nimemfulisha kaptula hii kila akirudi. Nimemwambia mwanamume mchafu hana maana. Anafua, ananyamaza. Hakuniambia kitu."

"Ulimuuliza, Mzee?" Fundi alisema. Hakusema kwa ubaya, lakini hakulainisha.

Mzee alivua miwani. "Sikumuuliza."

Akarudi mezani kwa hatua ndogondogo. Akaivuta ile karatasi nyeupe, akaikata kalamu kwenye uzi wake, akaandika tarehe kwanza, maana ndivyo alivyo. "Haya, Fundi. Niandike nini?"

"Andika: chakula cha mchana, dakika hamsini, kuanzia Jumatatu. Wadogo watangulie. Hakuna mtoto atakayepigishwa magoti kwa sababu hajamaliza kula."

"Na maji ya kunawa, wazazi tutaleta ndoo na mabeseni," fundi baiskeli aliongeza.

"Na karatasi ya mlangoni isitumike tena kuwa kibali," Mama Pacha akasema. "Hilo liandike kwa herufi kubwa!"

"Mwalimu?" Mwenyekiti aliuliza.

Mwalimu Mkuu alitazama shuka, akatazama darasa lililojaa. "Andika," alisema, akakaa.

"Sasa soma kwa sauti, Mzee," Fundi akasema. "Yote. Neno kwa neno."

Akasoma. Ndipo wakapanga foleni kusaini, na kwa kuwa kalamu ilikuwa moja na watu wengi, foleni ilitoka nje ikazunguka ukuta. "Wenzangu!" Mama Pacha alipiga kelele kutoka katikati. "Je, wakitupigia kengele sasa hivi?" Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka barabarani. Fundi alisaini wa mwisho. Safari hii mkia wa herufi aliuvuta mpaka ukingoni.

Alipokuwa anakunja shuka, Mwalimu Mkuu alimfuata. Hakutabasamu. "Sare za darasa la kwanza nimempa fundi mwingine. Nadhani unaelewa."

Ilimchoma. Asikudanganye mtu, ilimchoma, na aliona chumba chake cha mbele kikiwa tupu bila cherehani. Lakini alimaliza kukunja, pembe kwa pembe, ndipo akainua uso.

"Naelewa. Mpe. Ila mwambie mifuko aishone imara, na hili shuka ninalo nyumbani. Nikisikia kengele imerudi kwenye dakika ishirini, nitalileta tena, na kalamu nitakuja na yangu."

Ijumaa iliyofuata alikuwa akishona mapazia ya watu, kazi ya kubahatisha, alipomwona Kidoti anaingia mbio, soksi moja imeshuka. Mfuko wa gauni ulikuwa umevimba. Fundi aliacha kukanyaga cherehani.

"Njoo hapa. Mfukoni kuna nini?"

Mtoto akatazama dari. Fundi akaingiza mkono polepole, amejiandaa kwa lolote. Kidole hakikuteleza. Akatoa kijiwe, na kingine, vikafika vitano, laini, vya duara, vile vya kurusha na kudaka.

"Nilimaliza kula," Kidoti alisema. "Nikaongezewa. Halafu muda ukabaki, tukacheza. Utanigombeza? Vinatoboa mfuko."

Fundi alivirudisha kimoja kimoja, vyote vitano, akaupigapiga mfuko kwa nje.

"Vitoboe," alisema. "Mimi nipo, nitashona."